Pundamilia wameingia kwenye malisho yako: wasome kwanza kabla ya kuwafukuza



Kila mvua za vuli zikianza, swali ni lile lile. Kwenye mkutano wa kijiji, mnadani, hata kwenye simu: "Afisa, pundamilia wamejaa kwenye malisho yetu. Wanamaliza majani. Hao ni ng'ombe wa serikali, kwa nini wasikae hukohuko hifadhini?" Wapo wanaowafukuza kwa mbwa na pikipiki. Wapo wanaosema bora tulime lile eneo lote tukose wote.

Mgeni kutoka Ulaya analipa fedha nyingi na kupanda ndege usiku kucha ili amwone pundamilia porini kwa saa mbili. Sisi wa Simanjiro, Monduli na Babati tunaamka naye. Lakini kwa sababu tumemzoea, wengi hatumwangalii kabisa. Na hapo tunapata hasara, maana pundamilia akisimama kwenye malisho yako anakupa habari tatu au nne zinazohusu ng'ombe wako moja kwa moja. Leo tuzipitie moja moja.

Kwanza, kwa nini wanatoka hifadhini?

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 2,850. Watu wanadhani eneo kubwa hivyo linawatosha wanyama mwaka mzima. Haliwatoshi, na sababu sio ukubwa, ni ubora wa majani.

Wakati wa kiangazi, Mto Tarangire ndio sehemu yenye maji ya uhakika. Pundamilia hawezi kukaa muda mrefu bila maji, anahitaji kunywa karibu kila siku. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita au wa saba unakuta makundi yamejazana mtoni. Mvua zikianza Novemba na Desemba, madimbwi yanajaa kila mahali, na sasa wana uhuru wa kwenda wanakotaka. Wengine wanaelekea mashariki kwenye nyanda za Simanjiro, wengine kaskazini kupitia Kwakuchinja kuelekea upande wa Ziwa Manyara hadi Natron.

Wanafuata nini? Wanafuata majani mafupi ya nyanda za wazi. Watafiti waliopima majani ya huku walikuta kwamba wakati wa mvua yana madini ya fosforasi na protini kuliko yale ya ndani ya hifadhi. Jike anayenyonyesha anahitaji fosforasi nyingi ili apate maziwa na mtoto akue mifupa. Ndiyo maana ukiwaangalia vizuri msimu huu utaona watoto wengi, wale wenye manyoya marefu na milia ya rangi ya kahawia.

Sasa fikiria. Ng'ombe wako naye anazaa na kunyonyesha kipindi hichohicho. Mzee wako hakuwa na maabara, lakini alijua kwamba ng'ombe akipelekwa kwenye zile nyanda wakati wa mvua maziwa yanaongezeka na ndama wananawiri. Pundamilia na mzee wako walifikia jibu moja. Kwa hiyo habari ya kwanza anayokupa pundamilia ni hii: hapa nilipo ndipo penye majani bora ya kunyonyeshea. Ukiwaona wanarudi kila mwaka sehemu ileile, usiichukulie kama sehemu ya kawaida. Hiyo ni akiba yako.

Pili, je, wanamaliza majani ya ng'ombe?

Jibu ni ndiyo na hapana. Inategemea msimu.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua. Wanakula, wanakwenda kivulini, wanarudisha chakula mdomoni na kukitafuna upya. Wanapata virutubisho vingi katika kila kilo ya majani, lakini kazi ni ya polepole. Wakipewa majani magumu, makavu, yaliyojaa mabua, tumbo linajaa na halimaliziki haraka, na ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa.

Pundamilia hacheui. Ni ndugu wa punda. Majani yanapita tumboni na kuchachushwa huko nyuma kwenye utumbo mpana, tena kwa haraka. Hapati kila kitu kilichomo kwenye majani, lakini anafidia kwa kula mengi. Kwa hiyo anaweza kuishi kwa majani marefu na magumu ambayo ng'ombe anayapita. Kama unabisha, mwangalie punda wako wa kubebea maji. Kiangazi kikikaza ng'ombe wanalala chini, punda bado anatembea na madumu manne mgongoni. Siri ni tumbo.

Huko Laikipia nchini Kenya, Wilfred Odadi na wenzake walifanya utafiti kwenye kituo cha Mpala. Waliweka maeneo ambayo ng'ombe wanalisha peke yao, na mengine ambayo ng'ombe wanachanganyika na wanyamapori, pundamilia wakiwemo. Halafu wakawa wanawapima ng'ombe uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori waliongezeka uzito kidogo kuliko waliolisha peke yao, yaani kweli walinyang'anyana. Lakini wakati wa mvua ikawa kinyume: ng'ombe waliolisha pamoja na wanyamapori waliongezeka uzito zaidi.

Imewezekanaje? Pundamilia aliondoa mabua na majani makavu ya juu, na ng'ombe akafikia majani machanga ya chini yenye protini. Kazi hiyo ungeifanya kwa fyekeo au kwa moto, yeye anaifanya bure.

Kwa hiyo mpango wako uwe hivi:

1. Msimu wa mvua usihangaike kuwafukuza. Ukiona wamepita kwenye majani marefu, subiri machipukizi, halafu peleka ng'ombe.
2. Linda alalili yako kwa ajili ya kiangazi. Ile sehemu mliyoitenga kwa ndama na ng'ombe wagonjwa ndiyo ya kuwekea uzio wa miiba na zamu ya vijana. Hapo hata pundamilia asiingie, maana kiangazi ndipo hasara ilipo.
3. Tenganisha maji. Kiangazi pundamilia watakuja kwenye lambo, huwezi kuwazuia. Jenga birika la kunyweshea mifugo pembeni ili ng'ombe wasiingie ndani ya lambo, na nywesha mchana watu wakiwepo.

Tatu, angalia nyuma ya pundamilia kuna nani

Hapa ndipo panapoua ng'ombe, kwa hiyo soma taratibu.

Pundamilia mara nyingi anatembea pamoja na nyumbu. Watu wengi wanawaweka kapu moja: "wanyama wameleta ugonjwa." Sio sawa. Ule ugonjwa ambao Wamaasai wanauita *ingati*, ambao ng'ombe anapata homa kali, macho yanakuwa meupe kama yana ukungu, pua na mdomo vinatoa ute mzito, halafu anakufa, unatoka kwa nyumbu. Virusi vyake vinasambazwa zaidi na ndama wa nyumbu katika miezi yao ya mwanzo. Nyumbu wanazaa kwa wingi kati ya Januari na Machi, wote kwa pamoja ndani ya wiki chache. Nyumbu mwenyewe haumwi, ng'ombe ndiye anayekufa. Tiba ya uhakika hakuna. Kinga ni kukaa mbali.

Pundamilia hana habari na ugonjwa huo. Tena ugonjwa wa miguu na midomo nao haumpati, kwa sababu unashambulia wanyama wenye kwato zilizogawanyika, na yeye ana kwato moja kama punda.

Lakini pundamilia ni kengele. Kwa kuwa wanatembea pamoja, na milia yake inaonekana mbali kuliko rangi ya nyumbu, ukimwona yeye usirudi nyumbani. Panda kichuguu, angalia nyuma yake. Jiulize:

- Kuna nyumbu? Kama hakuna, endelea kulisha.
- Kuna nyumbu, wana ndama wadogo wa rangi ya mchanga? Hamisha ng'ombe. Tafuta malisho mengine kwa kipindi hicho, hata kama majani ya pale ni mazuri kiasi gani.
- Nyumbu walizaa hapo wiki chache zilizopita wakaondoka? Usiwe wa kwanza kuingia. Waulize wazee na wafugaji waliotangulia, na uliza ofisi ya mifugo ya kata.

Hili la kuhamisha ng'ombe lina gharama. Kijana anatembea mbali zaidi na maziwa ya nyumbani yanapungua. Lakini linganisha na kuzika ng'ombe watano.

Kuhusu magonjwa mengine: kupe hawachagui, wanapanda kwa pundamilia, nyati na ng'ombe. Kwa hiyo msimu huu usikose ratiba ya kuogesha, na kama hujawachanja ndama dhidi ya ndigana kali, ongea na daktari wa mifugo. Kwa wachache wenye farasi, wajue kwamba pundamilia anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuumwa, na visubi wakavihamisha. Punda huwa wanaumwa kidogo tu au hawaonyeshi dalili, farasi ndio wanaokufa.

Nne, ukikuta mzoga wa pundamilia

Msiuguse. Narudia, MSIUGUSE.

Pundamilia ni mmoja wa wanyama wanaokufa sana kwa kimeta. Vimelea vya kimeta vinakaa ardhini miaka mingi, makumi ya miaka, vikisubiri. Mnyama anavila na udongo anapolisha majani mafupi sana, hasa ukame unapofuatiwa na mvua. Dalili kwenye mzoga ni hizi:

- alikufa ghafla, hana jeraha la simba wala la mtego;
- damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, na haigandi;
- mzoga unavimba haraka na haukakamai kama kawaida.

Ukipasua mzoga huo, vimelea vinapata hewa na kujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazobaki hapo kwa wajukuu zako. Ukila nyama yake unaweza kufa wewe na familia. Hata ukichuna ngozi tu, ugonjwa unaingia kwenye mkwaruzo wa mkono na kutoa kidonda chenye gamba jeusi katikati. Ukiona kidonda cha hivyo baada ya kushika mzoga, nenda zahanati siku hiyohiyo na useme wazi kwamba ulishika mzoga. Kinatibika kikiwahiwa.

Na kuna suala la sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwa na nyama wala ngozi ya mnyamapori bila kibali. "Nilimkuta amekufa" haitakusaidia mahakamani.

La kufanya: fukuza mbwa, zuia mifugo isipite karibu, funika mzoga kwa matawi ya miiba, piga simu kwa afisa mifugo wa kata na mtendaji wa kijiji. Watahakikisha mzoga unachomwa au unafukiwa kwenye shimo lenye kina cha futi 6 hivi. Halafu uliza kuhusu chanjo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaochanjwa kimeta kila mwaka wanakuwa salama, na chanjo ya ng'ombe mmoja haifiki hata robo ya bei ya mbuzi.

Tano, ile milia inafanya kazi gani?

Watoto wanauliza sana swali hili na wazazi wanajibu "Mungu alipenda." Sawa, lakini watafiti wamepata la kuongeza.

Zamani ilifikiriwa milia ni ya kumchanganya simba. Ushahidi wenye nguvu zaidi siku hizi unaonyesha inahusu nzi wanaouma. Mwaka 2019 Tim Caro na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Uingereza kwa pundamilia na farasi wa kufugwa. Nzi walikuwa wanawakaribia wote sawa, lakini wakifika karibu na milia walishindwa kutua vizuri. Wengine walipita moja kwa moja, wengine waligonga na kuruka. Farasi waliovalishwa kitambaa cha milia walituliwa na nzi wachache kuliko waliovalishwa kitambaa cha rangi moja.

Mwaka huohuo watafiti wa Japani wakachukua ng'ombe weusi na kuwapaka milia myeupe. Idadi ya nzi wanaouma ilipungua karibu nusu, na ng'ombe walipunguza kutingisha kichwa na kupiga mkia. Ng'ombe asiyesumbuliwa anakula muda mrefu zaidi.

Je, twende tukapake ng'ombe rangi? Taratibu kwanza. Ile rangi ya Japani haikudumu, ilianza kutoka ndani ya siku chache, na ng'ombe waliotumika walikuwa wachache. Usichukue rangi ya mafuta ya kupaka nyumba ukampaka mnyama, itamuunguza ngozi. Na milia haiui nzi, inamsumbua tu. Kwa mbung'o, au ndorobo kama wengi mnavyomwita, ambaye analeta nagana, silaha yetu bado ni ileile: dawa ya kumwaga mgongoni au kuogesha kwa dawa inayoua mbung'o, mitego ya kitambaa cha bluu na nyeusi iliyowekwa dawa, na kuepuka kulisha kwenye vichaka vizito asubuhi na jioni. Ila unaweza kujifunza kitu hapa: nzi wanavutwa na rangi nyeusi na bluu. Kijana anayechunga kwenye eneo la mbung'o asivae nguo za rangi hizo.

Wajerumani walipotawala huku waliwahi kujaribu kufuga pundamilia maeneo ya Kilimanjaro, wakitumaini kupata mnyama wa kuvuta mkokoteni ambaye mbung'o hamwezi. Walishindwa. Pundamilia anauma, anapiga teke la kuvunja taya ya simba, na akishikwa na woga hasikii la mtu. Kwa hiyo kijana anayeota kumtia kamba aendelee na punda wake.

Sita, wakiingia kwenye mahindi na maharage

Nisije nikaonekana nawatetea tu. Pundamilia wakiingia shambani usiku, asubuhi hulitambui. Wanakula na wanakanyaga. Mambo yanayosaidia ni haya:

1. Usilime kwenye mapito. Kama wazee wanasema wanyama wanapita hapa kila mwaka, amini. Shamba lililo katikati ya njia utalilinda maisha yako yote.
2. Limeni pamoja. Mashamba kumi yaliyokaa kitalu kimoja yana mpaka mfupi wa kulinda kuliko mashamba kumi yaliyotawanyika. Zamu ya ulinzi inakuwa usiku mmoja kwa wiki badala ya kila usiku.
3. Uzio wa miti hai, kwa mfano oltemwai kama yale yanayopandwa kwenye maboma, au miiba iliyopangwa vizuri. Pundamilia hapendi kuruka, anatafuta penye uwazi.
4. Tochi kali, kelele, mbwa wa kubweka. Badilisha mbinu, wakizoea moja haifanyi kazi.
5. Usitege sumu wala nyaya. Sumu inaua mbwa wako, inaua tumbusi wanaosafisha mizoga, na inaweza kurudi kwenye maji. Nyaya inakamata hata ndama wa jirani.
6. Toa taarifa mapema. Mtendaji wa kijiji kwanza, kisha afisa wanyamapori wa wilaya. Piga picha, andika tarehe na ukubwa wa eneo. Kifuta jasho kina masharti yake na si kila uharibifu unaingia, lakini bila taarifa hakuna hata pa kuanzia.

Saba, swali la kukodisha malisho

Kila mwaka wanakuja watu na matrekta. Wanaonyesha fedha taslimu, wanataka ekari mia mbili, mia tano, za mahindi au maharage. Mtu amebanwa na ada ya shule, anasema pale pana pundamilia tu, tuwape.

Kabla hamjasaini, kaeni chini mjiulize yafuatayo.

Mahindi yanahitaji mvua ya kati ya milimita 500 na 800, tena iliyosambaa vizuri. Huku kwetu mvua ni ya kubahatisha. Mwaka mmoja mzuri, miwili mibaya. Majani ya asili ya nyanda yamezoea hali hiyo. Hata mvua ikinyesha mara tatu tu yanatoa kitu. Ardhi ikishapinduliwa na kuachwa, yale majani mafupi mazuri hayarudi haraka. Yanaanza magugu, na wakati mwingine tunasubiri miaka mingi.

Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo Simanjiro. Waulize waliokuwepo: nani walibaki na ng'ombe? Wengi watakuambia ni waliokuwa na malisho ya kuhamia. Malisho yakikatwakatwa na mashamba, siku ya ukame hakuna pa kwenda.

Mfano wa njia nyingine upo hapahapa wilayani. Kijiji cha Terrat, tangu katikati ya miaka ya 2000, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii. Kijiji kinaacha nyanda zake bila kulimwa, wafugaji wanaendelea kulisha kama kawaida, na kijiji kinapokea malipo kila mwaka. Pundamilia wanapata pa kuzalia, ng'ombe wanapata majani, na mfuko wa kijiji unaingiza kitu. Sisemi kila kijiji kitapata mkataba kama huo. Nasema malisho yenye wanyama yana thamani ambayo mtu wa trekta hawezi kukutajia.

Na hata bila mkataba mna haki yenu kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila hata kwa kikundi, na wafugaji mnaweza kuombea malisho ya pamoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji nafasi ya kuandaa mpango wake na kutenga malisho, mashamba na mapito. Uamuzi unapitia mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo mkutano ukiitwa, nendeni, akina mama mkiwemo. Mama ndiye anayekamua, ndiye anayejua maziwa yalipungua lini.

Mwisho, chukua muda uwaangalie

Ukiwa na nafasi, nenda na watoto asubuhi na mapema, jua halijawa kali. Simama mbali, mita mia au zaidi, upepo utoke kwao kuja kwako. Usimkimbize mama mwenye mtoto.

Mtoto wa pundamilia anasimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Siku za mwanzo mama anawazuia wengine wasimkaribie, ili mtoto akariri milia na harufu yake. Milia ya kila mmoja ni tofauti, kama alama za vidole vyetu. Huko kaskazini mwa Kenya, mwaka 2016, wananchi walitumia picha za milia kuhesabu pundamilia wa Grevy, wale wenye masikio makubwa ya duara na milia myembamba, ambao wamebaki wachache sana duniani. Wetu wa milia mipana bado ni wengi, lakini nao wanapungua, na tangu 2016 wamewekwa kwenye kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Angalia pia wanavyoishi. Kundi dogo ni familia: dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao. Wakikimbia, jike kiongozi anatangulia na dume anabaki nyuma kulinda. Madume vijana wanakaa kikundi chao pembeni. Mfugaji akiliangalia kundi kama hilo ataelewa haraka kuliko mtalii, kwa sababu ameshazoea kusoma zizi.

Walio mbali na huku wanaweza kuwaona hata wakiwa safarini. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na pundamilia wanalisha kandokando. Mwambie dereva apunguze mwendo. Kugonga mnyama pale kuna faini, na kuna roho za abiria. Wenye nafasi ya kuingia Tarangire waende kati ya Julai na Oktoba, makundi yakiwa mtoni. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni.

Basi wiki hii, kabla ya kumtuma kijana na mbwa, nenda mwenyewe uwaangalie. Wanalisha wapi, majani yana urefu gani, nyuma yao kuna nyumbu au hakuna, wana watoto au hawana. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukifanya hivyo miaka mitatu utakuwa na ramani ya malisho yenu ambayo hata mimi afisa sina, na siku mtu wa trekta akija, utaiweka mezani mbele ya mkutano.

Mvua njema, na ratiba ya kuogesha msiisahau.